Hela ya TASAF mjini hupitia kwa mangi kwanza

Ukitaka kujua ruzuku ya Serikali inafanya kazi gani katika nyumba za wapangaji za Manzese, Buguruni au Mbagala, usianze na mama aliyeipokea. Anza na duka la mtaani. Kila mtaa wa Dar es Salaam una mangi wake, yaani muuza duka, na kila mangi ana daftari lililokunjamana pembe, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mteja. Humo ndani watu hawaandikwi kwa majina ya kwenye kitambulisho. Wanaandikwa "mama wa chumba cha nyuma", "bibi mihogo", "fundi wa juu". Mbele ya jina: unga nusu, mafuta ya mia tano, kipande cha sabuni, kiberiti. Siku malipo ya TASAF yanapotoka, baadhi ya kurasa hizo hupigwa mstari, na jioni hiyohiyo ukurasa mpya hufunguliwa kwa mtu yuleyule.

Wapo watakaosema hiyo ni hela iliyopotea. Serikali imekopa, imeajiri waratibu, imechapisha fomu, halafu fedha zimeishia mfukoni kwa muuza duka na mama amerudi kukopa kabla jua halijazama. Binafsi naona hapo ndipo ruzuku ya mjini inapofanya kazi yake kubwa kuliko zote, kazi ambayo waandaaji wa mpango wenyewe hawakuikusudia sana. Kaya inayojulikana kwamba mwezi fulani itapokea kitu, inaaminika. Inakopeshwa unga mwezi ambao kibarua hakikupatikana. Watoto wanalala wameshiba wiki ambayo mfuko ni mtupu, kwa sababu mangi ana uhakika kwamba hela inakuja. Mjini ruzuku ni dhamana kabla haijawa mtaji, na dhamana ina masharti yake: ijulikane inakuja lini, ifike siku iliyosemwa, na imfikie mtu anayestahili. Mpango wetu umekuwa dhaifu zaidi katika mambo hayo matatu kuliko katika kiasi chenyewe cha fedha, ingawa kiasi nacho kina maneno yake.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianzishwa mwaka 2000, na miaka yake ya mwanzo ulijulikana kwa madarasa, zahanati na visima. Kugawa fedha taslimu kulianza kwa majaribio Bagamoyo, Chamwino na Kibaha mwaka 2010, kisha ikaja awamu ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012 ikiwa na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kipindi cha kwanza kilifika kaya takriban milioni 1.1 katika asilimia 70 hivi ya vijiji, mitaa na shehia. Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua kipindi cha pili, kilichokusudiwa kumaliza asilimia 30 iliyobaki na kufikia kaya milioni 1.45. Hapo ndipo mitaa mingi ya mijini ilipoingia kwenye mpango ambao mifupa yake yote ilikuwa ya kijijini.

Tuitazame hesabu. Kwa viwango vya kipindi cha kwanza, kaya ilipata Sh10,000 kwa mwezi kama ruzuku ya msingi, Sh4,000 zaidi ikiwa ina watoto, Sh4,000 kwa sharti la mtoto mdogo kuhudhuria kliniki, na Sh2,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi, huku wa sekondari wakipewa zaidi. Kikomo kilikuwa Sh38,000 kwa mwezi, na malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili. Viwango vilibadilika baadaye, lakini mizani ni ileile: fedha za makumi ya maelfu, zikipokewa mara sita kwa mwaka.

Chukua mama mmoja wa Tandale ambaye tunamtunga hapa kwa ajili ya hesabu tu. Ana watoto watatu: wawili wako shule ya msingi, mmoja bado wa kliniki. Kwa viwango vile alikuwa anastahili Sh22,000 kwa mwezi, yaani Sh44,000 kila malipo. Amepanga chumba kimoja cha Sh40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama wenye nyumba wengi wa jiji hili, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hizo ni Sh240,000. Ruzuku yake yote ya miezi hiyo sita, asipogusa hata shilingi ya mboga, ni Sh132,000. Inalipa chumba kwa miezi mitatu na siku chache.

Sasa iweke hesabu hiyo karibu na mstari wa umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye Sh49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Watoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima, kwa hiyo tuseme kaya hii ya watu wanne ni sawa na watu wazima wawili na nusu. Mstari wao ni Sh123,300. Ruzuku ya Sh22,000 ni chini ya moja ya tano ya hapo, na mstari wenyewe ni wa taifa zima, pamoja na Watanzania wanaokula mahindi ya shambani kwao na kuchota maji mtoni.

Mjini hakuna cha bure. Maji ni ndoo, na ndoo ina bei. Choo cha nyumba ya wapangaji kikijaa, kila chumba kinachangia gari la kunyonya. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, na mwenye kununua kwa kopo hulipa zaidi, kwa uzito uleule, kuliko mwenye uwezo wa kununua gunia. Mafuta ya kula ni hivyohivyo, sukari hivyohivyo, dawa ya mswaki ya pakiti ndogo hivyohivyo. Maskini wa mjini hununua kila kitu kwa bei ya juu kuliko tajiri wa mtaa wa pili, kwa sababu hana fedha ya kununua kingi kwa wakati mmoja. Siku ya ruzuku ni siku adimu ambayo mama anaweza kununua kilo tano za unga badala ya nusu, na akinamama hufanya hivyo kwa ustadi ambao mhasibu angeuheshimu. Akishamlipa mangi, kinachobaki anakigeuza unga, mchele kidogo, daftari za shule, na pengine viatu.

Hivyo viatu visidharauliwe. Watafiti waliofuatilia majaribio ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, wakilinganisha vijiji 40 vilivyopokea na 40 ambavyo havijapokea, waligundua kwamba watoto wa kaya zilizopokea walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na viatu, walikuwa wakiugua kidogo kuliko wenzao, na familia zao zilijiunga zaidi na bima ya afya. Baadaye, tathmini ya mpango mkubwa ilionyesha kwamba miongoni mwa walengwa umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kwa asilimia 10 na ule uliokithiri kwa asilimia 12. Kaya zilikuwa zinakula vizuri zaidi, zilikuwa na kuku na mbuzi zaidi, na paa za nyasi zilianza kugeuka bati.

Kuku, mbuzi, bati. Tathmini za kijijini zimejaa vitu hivyo, na kwa haki kabisa. Mama wa Chamwino anayenunua mbuzi kwa ruzuku ya miezi minne ana benki inayokula majani na kuzaa. Yule wa Tandale atamfuga wapi? Mwenye nyumba hataki hata paka. Mtaji wake ni beseni la maandazi, karanga za kufunga, barafu, ndizi za kukaanga au kufua nguo za watu kule Sinza. Mtaji wa maandazi unakaa siku moja: ngano, mafuta na sukari vinanunuliwa alfajiri, na saa tatu asubuhi ama umerudi na faida au umerudi na maandazi. Mtoto akiugua Jumanne, mtaji umekwenda duka la dawa. Mgambo akipita Alhamisi, beseni limekwenda ofisi ya kata. Ndiyo maana nasita ninaposikia viongozi wakiwahimiza walengwa wa mjini "wahitimu" kwa kasi ileile ya walengwa wa vijijini. Kuondoka kwenye mpango kwa sababu una mbuzi sita kuna mantiki. Kuondolewa kwa sababu mwezi huu maandazi yameuzika ni jambo jingine.

Lakini tatizo kubwa zaidi liko kabla ya fedha kutoka. Ni nani anaandikwa?

Utaratibu wa TASAF unaanzia kwenye mkutano wa hadhara. Wananchi wanakaa, wanataja kaya wanazozijua kuwa ni duni, majina yanaandikwa, kisha kila kaya inajaziwa dodoso ambalo kompyuta hulipima. Kijijini utaratibu huu una akili. Watu wanajuana tangu babu. Wanajua nani analala njaa kwa ukame na nani analala njaa kwa ulevi, nani ana mwana Dodoma anayetuma hela na nani hana mtu. Udanganyifu upo, lakini kudanganya mbele ya jirani aliyekujua miaka 40 ni kazi.

Mtaa wa mjini mambo ni mengine. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi, wanaohudhuria ni wenye nyumba, wastaafu, wajumbe na vijana wasio na shughuli. Mama anayefua nguo Sinza ametoka saa kumi na moja alfajiri. Mpangaji aliyehamia miezi mitatu iliyopita kutoka Kigogo hajulikani kwa jina. Anajulikana kwa mlango. Hata akitajwa, dodoso linaweza kumwangusha, kwa sababu vipimo vya namna hii hutazama pia nyumba: paa, sakafu, ukuta, umeme. Mpangaji wa Dar es Salaam analala chini ya bati, juu ya saruji, na taa ya umeme inawaka kwa luku ya kuchangia. Kwenye karatasi ni mtu mwenye nafuu. Bati, saruji na luku vyote ni vya mwenye nyumba.

Haya si ya kwetu peke yetu. Mexico ilianza kugawa fedha kwa kaya maskini za vijijini mwaka 1997 kwa mpango ulioitwa Progresa, ukasifiwa dunia nzima. Ulipopelekwa mijini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiwa umebadilishwa jina kuwa Oportunidades, haikuwezekana tena kupita nyumba kwa nyumba kama vijijini. Familia zilitakiwa ziende zenyewe kwenye vituo vya kujiandikisha, na nyingi zilizostahili hazikwenda: nyingine hazikusikia, nyingine ziliamini kwamba mambo kama hayo si ya watu kama wao. Mpango uleule, nchi ileile, ila mjini ulikwama kwenye mlango wa kuingilia.

Jirani zetu wa Nairobi walipata somo chungu zaidi mwaka 2020. Corona ilipofunga vibarua, Serikali ya Kenya ilitangaza Sh10 bilioni za huko kwa ajili ya watu wasiojiweza, na katika mitaa ya mabanda ya Nairobi waliochaguliwa walitumiwa Sh1,000 za Kenya kwa wiki kwenye simu. Kwa upande wa teknolojia hakuna wa kulaumu, maana Wakenya wanatumiana hela kwa simu tangu 2007. Kasoro ilikuwa kwenye orodha. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba kaya takriban 29,000 tu kati ya 600,000 hivi za mitaa hiyo ndizo zilizofikiwa, na kwamba waliochagua majina waliwaweka ndugu na jamaa zao. Vijana wengine walipewa kazi kupitia mpango wa Kazi Mtaani, wakazibua mitaro na kufagia vichochoro kwa ujira wa siku, na mpango huo angalau ulikuwa unaonekana kwa macho: ukipita asubuhi unamwona nani ameshika fagio.

Hapa kwetu pia kulikuwa na sakata la kaya hewa. Mwaka 2016 uhakiki uliondoa makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili. Kusafisha orodha ilikuwa lazima. Lakini tangu hapo hofu yetu imeelemea upande mmoja. Tunaogopa sana kumlipa asiyestahili, na hatuulizi kwa ukali uleule kuhusu anayestahili ambaye hakuwahi kuandikwa. Asiyestahili akilipwa, gazeti litaandika. Mpangaji wa chumba cha nyuma asipoandikwa, hakuna habari.

Na wapangaji wa chumba cha nyuma ni wengi. Katika utafiti ule wa 2017/18, umaskini wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 26.4, vijijini asilimia 31.3, na Dar es Salaam asilimia 8. Asilimia nane inaonekana ndogo, na hapo ndipo jiji linaponyimwa macho. Utafiti uliotangulia, wa 2011/12, uliiweka Dar es Salaam kwenye asilimia 4 na ushee. Kwa hiyo wakati vijiji vilikuwa vinapunguza umaskini, jiji lilikuwa linauongeza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani hapa. Kwa hesabu ya haraka, asilimia nane ya hao ni zaidi ya watu 430,000. Huo ni mji mzima wa watu maskini uliotawanyika ndani ya jiji, vyumba viwili hapa, vyumba vitatu kule, nyuma ya nyumba ambazo kwa mbele zina fremu za maduka.

Nikiandika mambo haya najua nitaulizwa maswali mawili. La kwanza ni pombe. Utani wa mjini unajulikana: mtu akivaa shati lililochanika anaitwa mnufaika wa TASAF, na mnufaika wa TASAF akionekana karibu na kilabu, mpango mzima umehukumiwa. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali zilizopima kama watu wanaopewa fedha huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Hawakuona ongezeko; mara nyingi matumizi hayo yalishuka. La pili ni uvivu. Abhijit Banerjee, ambaye baadaye alipata Nobeli ya Uchumi mwaka 2019, na wenzake waliangalia majaribio ya nchi sita na hawakuona watu wakiacha kazi kwa sababu ya ruzuku. Mtu anayepewa Sh22,000 kwa mwezi katika jiji hili akiacha kazi, atakuwa amefanya muujiza ambao hata wachumi wangependa kuuona.

Nirudi kwenye siku ya malipo, kwa sababu kwangu ndiyo kiini cha mambo. Malipo yanayotakiwa kutoka kila miezi miwili yamewahi kuchelewa, hadi awamu mbili zikalipwa kwa pamoja. Kijijini kuchelewa ni kero. Mjini kunavunja mnyororo wote. Mangi aliyekopesha kwa imani anafunga daftari. Kijumbe wa mchezo wa upatu anamtoa mama kwenye zamu. Mwenye nyumba anahesabu siku. Hapo ndipo anapoingia mkopeshaji wa kausha damu, ambaye hahitaji mkutano wa hadhara wala dodoso: anataka picha ya kitambulisho na kitu cha kushika, iwe godoro, mtungi wa gesi au televisheni. Marejesho ni ya kila siku. Ruzuku ikija kufika, imeshaliwa na riba, na katika hali hiyo Serikali inakuwa inamfadhili mkopeshaji. Nimewahi kusikia watu wakilaumu akinamama kwa kukopa hovyo. Mwenye kulaumiwa kwanza ni aliyeahidi kulipa mwezi wa tatu akalipa wa tano.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ingeweza kuwa njia ya pili. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya fedha kutorejeshwa na vikundi hewa, ikarudishwa 2024. Lakini inataka kikundi, usajili na wazo la biashara. Mama wa maandazi ya siku moja hafiki hapo bila kushikwa mkono.

Kuhusu uhakika, tuna mfano mzuri ng'ambo ya bahari, mwendo wa saa mbili kwa boti. Aprili 2016 Zanzibar ilianza Pensheni Jamii: kila mzee aliyefikisha miaka 70 alipata Sh20,000 kwa mwezi, awe wa Micheweni au wa Kikwajuni, awe na nyumba ya bati au ya makuti. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki, inalipwa kutoka hazina ya Zanzibar yenyewe, na baadaye ikapandishwa hadi Sh50,000. Hakuna dodoso la sakafu. Hakuna mkutano wa kumtaja mtu kuwa fukara mbele ya majirani. Umri ni umri. Ndiyo, kuna wazee wenye uwezo wanaopokea pia, na wachumi wengine hukunja uso kwa hilo. Lakini mzee wa Mji Mkongwe anayeishi kwenye chumba cha kupanga hawezi kuachwa kwa sababu hakuna aliyemkumbuka kwenye mkutano. Kenya nayo ilifuata njia hiyo kwa wazee wa miaka 70 mwaka 2018 kupitia Inua Jamii, ingawa Sh2,000 zake za Kenya kwa mwezi zilikaa palepale kwa miaka huku bei ya unga ikipanda.

Sisemi Tanzania Bara imlipe kila mtu. Nasema kwamba kadiri mji unavyokuwa mkubwa na watu wake wanavyokuwa wageni baina yao, ndivyo kigezo rahisi kinavyokuwa cha haki kuliko kigezo cha werevu. Umri wa mzee, umri wa mtoto, ulemavu: haya yanathibitishwa kwa karatasi ambazo Serikali yenyewe inazitoa. Kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa vinahama na mtu kutoka Kigogo kwenda Mbagala. Orodha ya mtaa haihami.

Kipindi cha pili cha mpango kilipangwa kufikia ukomo Septemba 2025. Wanaoandika kinachofuata wanajua takwimu hizi kuliko mimi, na sehemu kubwa ni wao wenyewe walioziweka hadharani. Ombi langu kwao ni dogo. Viwango vya mjini vihesabu kodi ya chumba, kwa kuwa hakuna kaya ya mjini isiyolala mahali. Dodoso liulize nani anamiliki hilo bati kabla ya kumpa mtu alama za kuwa na bati. Mikutano ya mitaa ifanyike Jumapili jioni, watu wakiwa wamerudi. Na tarehe ya malipo ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa, mwaka mzima kwa mkupuo, kisha iheshimiwe kama tarehe ya mshahara wa mtumishi wa umma inavyoheshimiwa. Mangi atafanya kazi iliyobaki.

Nawe msomaji, hasa wewe mwenye nyumba: mkutano wa mtaa wako ukitangazwa, nenda, na ukifika taja jina la mpangaji wako wa chumba cha nyuma. Yeye wakati huo atakuwa kazini.